4x4 ya mtumba kwa watoto wanne, mama mkwe na trela ya viazi: nichukue ipi?

Mwalimu wa Njoro

Habari zenu wote. Naomba mnishauri kabla sijatia saini mahali.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Njoro, mume wangu ni mtu wa Kimilili. Tuna watoto wanne, na mama mkwe amekuja kuishi nasi tangu goti lake la kulia lianze kumsumbua. Tukipanda wote ni watu saba. Shamba letu la viazi, ekari tatu, liko Mau Narok. Lami inatuacha, kisha kuna kilomita nne za udongo mtupu hadi getini. Kiangazi ni vumbi tu. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo njia inakuwa sabuni, na kuna mteremko mmoja wa kushukia kijito ambao hata wenye trekta wanauheshimu.

Sasa hivi tuna Probox. Imetulea vizuri, siisemi vibaya. Lakini Mei iliyopita tulikwama pale kijitoni saa kumi na mbili jioni, mama akiwa ndani na mvua inamwagika. Mume wangu alikata matawi akayatia chini ya matairi, mimi na mkubwa wetu tukasukuma, gari likazidi kuzama mpaka tumbo likakaa juu ya tope. Ikabidi kijana wa jirani ambebe mama mgongoni hadi nyumba ya kwanza yenye taa. Njia nzima alikuwa anasema, "Nishushe mwanangu, nitatembea," na huku analia kwa maumivu. Usiku ule niliamua hatumpeleki tena kule na gari la namna hiyo.

Jambo la pili ni trela. Fundi wa kuchomelea alitutengenezea ya ekseli moja. Ikiwa tupu ina kilo 350, niliipima kwenye mizani ya duka la nafaka. Nataka ibebe magunia ishirini ya kilo hamsini. Desemba nayo tunasafiri Kimilili kupitia Timboroa, bila trela, lakini gari limejaa.

Nina milioni mbili na laki mbili, mkopo wa chama, na sina pengine pa kuchota. Nimeona tatu:

Prado 120 ya 2006, dizeli ya lita 3.0, otomatiki, iko kwa mtu binafsi Nakuru. Dashibodi inasoma kilomita 148,000.

X-Trail ya 2017, petroli, viti saba, iko yadi. Ni safi hadi inanukia upya.

Discovery 3 ya 2008, dizeli, iko Kisumu. Bei yake ndiyo ya chini kuliko zote, na hilo ndilo linalonitia wasiwasi.

Mume wangu moyo uko kwa Prado. Shemeji anasema X-Trail kwa sababu ni ya juzi. Mimi nataka gari litakalombeba mama, livute viazi, litoke kijitoni, na lisile mshahara wangu gereji. Na nikienda kuliona, niangalie nini kwa macho yangu mwenyewe? Nimechoka kuambiwa "gari iko sawa, mama."

Fundi wa Shabab

Mwalimu, pole kwa yaliyompata mama. Mimi ni fundi hapa mtaa wa Shabab, Nakuru, nimelala chini ya magari ya aina hii zaidi ya miaka ishirini, kwa hiyo nitakujibu kuanzia chini.

X-Trail iondoe. Ni gari zuri la familia, na kwa murram ya kawaida matairi yake ya nyuma yanasaidia. Lakini haina 4L, na kwa mteremko wako hilo limemaliza maneno. 4L ni gia nzito inayokaa nyuma ya giaboksi. Kwenye Prado inazidisha nguvu inayofika kwenye matairi mara mbili na nusu hivi, na mwendo unapungua kwa kiasi hichohicho. Ukifika juu ya mteremko unasimama, unatia 4L, unachagua gia ya kwanza, unaondoa mguu kwenye breki. Gari linashuka polepole kama mzee anayeshuka ngazi, injini ndiyo inayolishikilia. Ukikanyaga breki kwenye sabuni ile tairi linafunga, na tairi lililofunga halifuati usukani. Kwenye tope la Mau, kushuka kunaumiza watu kuliko kupanda.

Halafu piga hesabu ya trela. Magunia ishirini ni kilo 1,000, ongeza 350 za trela, unapata 1,350. Vitabu vya magari mengi, hata makubwa, vinakomea kilo 750 kwa trela isiyokuwa na breki zake. Gari linaweza kuwa na nguvu ya kuvuta tani tatu, lakini ukishuka, ni breki za gari peke yake zinazosimamisha vyote viwili. Kwa hiyo nakuuliza: trela yako ina breki? Kama haina, weka pembeni pesa za kuitia zile za kusukumwa, ambazo gari likipunguza mwendo trela inasukuma mdomo wake na mdomo unavuta waya wa breki. Hiyo si ya kungoja mwaka ujao.

Kuhusu injini, wewe unaishi juu. Nakuru tu ni mita 1,850 hivi, Mau Narok inapita 2,500, Timboroa 2,700. Injini isiyo na turbo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Timboroa umeshaacha robo ya farasi njiani. Turbo inarudisha sehemu kubwa ya hewa hiyo. Ndiyo maana Prado ya petroli ya 2.7, ambayo injini yake ni ngumu na ina cheni badala ya ukanda wa taimingi (ule unaoendesha vali za injini), mimi nisingekuuzia kwa kazi ya trela. Itafika, lakini itapiga kelele na itakunywa.

Basi tuje kwa hiyo dizeli ya 2006. Injini ni 1KD. Ni nzuri sana ikitunzwa, ila ina mambo mawili ya kujua. Chini ya kila nozeli, ile inayopuliza dizeli ndani ya injini, kuna sili ndogo ya shaba. Zikianza kuvuja, moshi wa mlipuko unashuka kwenye oili, oili inageuka lami nyeusi, kisha ile lami inaziba chujio la kunyonyea oili lililo chini kabisa ndani ya sampu, lile karai la oili. Injini inakosa oili huku kijiti cha kupimia kinaonyesha imejaa. Watu wameua injini hivyo bila kujua kilichowapata. La pili, ukanda wa taimingi. Uliza ulibadilishwa lini na uone risiti. Kama hakuna risiti, hesabu kwamba haujabadilishwa.

Kwa macho yako mwenyewe: fika asubuhi, na kitu cha kwanza weka kiganja juu ya boneti. Lazima iwe baridi. Gari lililopashwa moto kabla hujafika limeshaficha namna linavyowaka. Liwashwe mbele yako, wewe umesimama nyuma kwenye ekzosi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi unaoisha upesi si neno. Ukiendelea na kunukia dizeli mbichi, nozeli hizo. Injini ikiwa inanguruma, fungua kifuniko cha oili kidogo tu. Pumzi nyepesi ni kawaida. Kikirukaruka na moshi ukatoka kama sufuria ya githeri, ondoka.

Kisha oili ya giaboksi: kama ina kijiti cha kupimia kivute, kama haina itolewe tone mbele yako, uipanguse kwa karatasi nyeupe. Unataka nyekundu inayopitisha mwanga. Ikiwa kahawia na inanukia kuungua, mtu alivuta mizigo na hakuihurumia. Angalia raba ya kanyagio la breki. Kilomita 148,000 kwa gari la 2006 haifiki hata elfu kumi kwa mwaka. Inawezekana, lakini raba iliyolika mpaka chuma kinaonekana haisomi 148,000. Kisha matairi: ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu, 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno yanaweza kuwa marefu na raba imeshakauka.

Na kabla ya hayo yote lipa ada kwenye eCitizen, ile tovuti ya serikali, upate rekodi za gari kutoka NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani. Jina lililopo lilingane na kitambulisho cha anayekuuzia, na kusiwe na benki pembeni yake.

Mtu akikuvuta kwa Prado 150 ya 2011 "dizeli, imetoka Japani", mwulize vizuri. Kule Japani 150 ziliuzwa na petroli tu, dizeli ikaja 2015. Hiyo itakuwa imeuzwa hapa hapa ikiwa mpya au imetoka nchi nyingine. Kama ni Uingereza, ingia chini na tochi, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu inakula chasisi.

Mama Ndama, Kitale

Dada Mwalimu, mimi ninayo Discovery 3, mwaka wa tano huu, navuta trela ya ndama kati ya Kitale na Kapenguria. Fundi hajaigusa, basi niiseme mimi.

Kwa kuvuta hakuna kati ya hizo tatu inayoifikia. Kitabu chake kinaruhusu kilo 3,500 ikiwa trela ina breki. Viti saba ni vya watu wazima, hata vile vya mwisho. Na kuna kitu ambacho kwa ajili ya mama yako kitakugusa: saspensheni ni ya mifuko ya hewa, unabonyeza kitufe gari linajishusha karibu sentimita tano ili mtu apande. Mama yangu mzazi naye ana magoti. Anasimama kando, anaisikia ikipumua "fsss", kisha anageuka, anakalisha kiuno kwanza, halafu anaingiza miguu. Hashikwi mkono na mtu.

Lakini nakusihi usiinunue kwa bei hiyo. Gari hili linataka fundi mwenye kompyuta yake maalumu, na sisemi yule wa kubahatisha. Mifuko ya hewa huchakaa kwa umri, kompresa yake nayo, ukanda wa taimingi una kazi ndefu ya kuufikia. Mimi kila mwezi natenga fungu la gari kabla sijanunua chakula cha ng'ombe, na kuna mwaka fungu hilo lilikwenda lote kwa wiki moja. Biashara ya ndama ililibeba. Mkopo wa chama juu ya mshahara wa mwalimu hautalibeba. Discovery ya bei ya chini maana yake mwenye nayo ameshaambiwa gharama ya tengenezo lijalo akaona heri auze.

Kwenye Prado 120 uangalie kiti cha tatu. Vile viti vinakunjwa kwenda ubavuni, ni vya watoto, na vikiwa wazi nyuma hakubaki nafasi ya mizigo. Mama akae katikati, kando ya mlango. Na mlango wa nyuma unafunguka kwa upande kama wa nyumba. Ukiwa umefunga trela, mkono wa jeki ya trela unaugonga. Pima kabla hujachomelea chochote.

Dereva wa Zamani, Elburgon

Mwalimu, wameshasema kuhusu gari, mimi niseme kuhusu mzigo.

Mwaka 2014 nilikuwa navuta trela ya kabichi ya tajiri mmoja, natoka Molo nashuka Salgaa. Vijana walipakia nikiwa nakunywa chai. Walianza mbele wakaona ni mbali kurusha, wakajaza nyuma. Nilipofika mteremko, kama kilomita themanini kwa saa, nikahisi mkia unatikisika kidogo, kama mtu ananivuta shati. Nikakanyaga breki. Hapo ndipo ilipogeuka nyoka. Trela ilivuta gari kushoto, kulia, kushoto, nikaona lori linapanda na taa zake zimejaa kioo changu chote. Kilichoniokoa ni kwamba mguu ulitoka kwenye breki wenyewe kwa woga, nikashika usukani wima bila kupigana nao, mwendo ukapungua, mkia ukatulia. Nilisimama kando, nikashindwa kufungua mlango kwa muda. Mikono ilikuwa inatetemeka.

Kwa hiyo gunia la kwanza liwe juu ya ekseli, na yanayofuata yaelekee mbele kidogo. Mdomo wa trela uelemee gari kwa sehemu tano hadi kumi kwa mia ya uzito wote. Kwa kilo zako 1,350 ni kati ya 70 na 135. Ukiwa na mizani ile ya kupimia watu, weka kipande cha ubao juu yake, ulaze mdomo wa trela pale kwenye ardhi tambarare, usome. Uzito huo uhesabu pia kwamba umeupakia ndani ya gari. Watoto wanne, watu wazima watatu na mdomo wa kilo mia, springi za nyuma zinalia.

Ndiyo maana nasema siku ya trela iwe siku ya trela. Usimpakie mama na viazi safari moja. Na chuma cha kuvutia kifungwe kwa bolti kwenye chasisi yenyewe. Nimeviona vimeshikizwa kwenye bampa kwa kuchomelea. Minyororo miwili, ipishane chini ya mdomo, ili ukikatika udakwe usichimbe lami.

Swali langu kwako: ekari tatu za viazi zitaisha kwa magunia ishirini kila safari? Siku ya mavuno makubwa kodi lori dogo la Canter, trela iwe ya mbegu, mbolea na mauzo madogomadogo. Ukikubali hivyo, magunia kumi na mbili yanatosha, na gari litakushukuru miaka mingi.

Mwalimu wa Njoro

Asanteni sana. Nimesoma majibu haya mara tatu, na mara ya mwisho nilimsomea mama. Aliposikia habari ya kukalisha kiuno kwanza alisema, "Huyo wa Kitale anajua goti."

Dereva, umenena. Hatuvuni siku moja, tunachimba kipande kwa kipande bei ikipanda, lakini hiyo ya magunia kumi na mbili nimeichukua. Fundi, trela haina breki. Fundi wa kuchomelea hakuniambia na mimi sikujua kuuliza. Imeegeshwa mpaka itiwe.

Jumamosi tulikwenda kuona Prado. Tulikubaliana saa tatu, tukafika saa mbili na nusu. Boneti ilikuwa ya moto hadi nikaondoa mkono. Mwenye gari akasema alikuwa ameenda kununua mkate. Dirisha la duka liko mkabala na geti lake. Matairi mawili yanasoma 1416, na raba ya kanyagio la breki imelika upande wa kulia mpaka chuma kinang'aa. Oili ya giaboksi ilikuwa rangi ya chai ya rangi. Nilipotoa ile karatasi nyeupe alikasirika, akamwuliza mume wangu kama anamwachia mke wake kununua gari. Mume wangu alimjibu kwamba mkopo ni wa mke wake.

Rekodi zilionyesha majina mawili, lake na la mkopeshaji. Tukaaga.

Sasa kuna nyingine, Prado 120 ya 2005, dizeli hiyohiyo, gia za mkono, iko Lanet. Ni ya daktari wa mifugo aliyestaafu. Rangi imechakaa, siti ya dereva imepasuka, na dashibodi inasoma 287,000. Anaomba milioni moja na laki saba. Ana daftari la shule, kurasa zote ameandika tarehe, kilomita na alichobadilisha, na risiti zimebanwa kwa pini. Ukanda wa taimingi upo, kwenye 241,000. Sili za shaba za nozeli zipo, kwenye 263,000, na ameandika kwamba siku hiyo sampu ilifunguliwa chujio likaoshwa. Shemeji anasema 287,000 ni kichaa. Mimi moyo wangu uko kwenye daftari. Fundi, unasemaje?

Fundi wa Shabab

Mwalimu, nami moyo wangu uko kwenye daftari. Afadhali 287,000 zilizoandikwa kuliko 148,000 za mdomo. Mtu anayefungua sampu kuosha chujio kabla halijamlazimisha ni mtu aliyelijua gari lake. Gia za mkono kwa trela ni sawa kabisa, klachi tu ndiyo ya kupima: gia ya tatu, mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipanda kelele na gari lisipande mwendo, klachi imeisha, na hiyo unaiteremsha kwenye bei.

Hizo laki tano zinazobaki zisiende kwenye rangi. Anza na breki za trela, kisha matairi manne mapya ya njia mbaya, halafu chuma cha kuvutia kilichofungwa kwenye chasisi. Bushi na shokabu za nyuma karibu nitakwambia zimechoka hata kabla sijaziona. Siti ipasuke tu, tutaivisha kitambaa.

Mwambie daktari Jumatano asiliguse gari kabla ya saa mbili asubuhi. Nitakuja na tochi na katoni yangu ya kulalia. Wewe njoo na mama, apande mwenyewe na ashuke mwenyewe, mara mbili. Kama hatua ni ndefu kwake nitapima pale pale urefu wa ngazi ya pembeni, niichomelee kabla hamjaenda shamba.

Mwalimu wa Njoro

Nimempigia. Amesema funguo ataziacha mezani, na kwamba gari litalala nje kwenye baridi. Mama ameshachagua viatu.